Uchafu wa Mzee Oyugi

Ukitoka mjini Eldoret kuelekea Kiplombe, ukishapita duka la mbolea na lile la mabati, utakuta benchi lililowahi kuwa bango. Ubao wake bado unasomeka KINYOZI SAF. Herufi ya mwisho ilikatwa na msumeno benchi lilipozidi urefu wa kibanda. Hapo Tabby huuza kahawa ya tangawizi, na hapo wanaume waliojaliwa midomo kuliko kazi hukaa kuanzia saa tatu asubuhi. Jumamosi hiyo baridi ya Julai ilikuwa bado imewakalia magotini. Birika lilikuwa jikoni, Tabby ameenda kuchota maji, na Ondiek, mwandika mabango ambaye benchi zima humwita Brashi, alikuwa ameinamia kasha la viatu kama mtu aliyefunua jeneza akakuta maiti si wake.

— Nani ameosha ndege?

Mtu mmoja akavuta kahawa kwa sauti.

— Nimeuliza, nani ameosha hii ndege?

Ilikuwa ndege ya plastiki, ndogo ya kutosha kutua kwenye kiganja, mfano wa ile ya manjano iliyokuwa ikinyunyizia dawa mashamba ya ngano kule Soy. Ondiek aliipaka kwa miezi minne, kwa brashi yenye nywele chache kuliko nyusi zake. Manjano ni rangi yenye kiburi. Ukiipaka nzito inaacha michirizi, ukiipaka nyepesi inaanika kilicho chini. Aliipaka nyepesi mara sita, kila mara akingoja ikauke, akijizuia hata kupiga chafya.

Kisha ndipo akaanza kazi yenyewe, ya kuichafua. Alidona kingo za mabawa kwa kipande cha sponji chenye rangi ya fedha, ili ionekane imebanduka. Alidondosha rangi nyeusi ya mafuta tumboni, akaivuta kwa brashi yenye thina ya kuyeyushia rangi kutoka mbele kwenda nyuma, maana ndivyo upepo unavyovuta mafuta ya injini. Alipaka masizi ya koroboi penye bomba la moshi. Udongo mwekundu wa magurudumu aliuchekecha kwa soksi ya mwanamke, na soksi hiyo ilimletea maswali nyumbani kwa wiki nzima.

Sasa hapakuwa na masizi, hapakuwa na mafuta wala udongo. Ndege ilikuwa inang'aa kama mtoto aliyepakwa mafuta kwenda Sunday school.

— Mimi nakuambia hiyo ni altitude, alisema Ephantus, fundi wa simu anayejiita Injinia tangu siku alipofungua simu ikakubali kufungika tena. — Hewa ya huku ni nyepesi. Watu wanatoka Ulaya kuja kukimbia hapa. Sasa rangi nayo ikae tu? Imekimbia.

— Imekimbia nyeusi peke yake, ikaacha manjano?

— Nyeusi ndiyo ilikuwa inaongoza. Manjano iko nyuma, inakuja.

— Injinia, usinichezee leo. Leo nitauma mtu.

Mwalimu Kibet aliweka kikombe chini. Alistaafu ualimu miaka kumi iliyopita, na kwa kuwa haongei bila kutaka aandikwe, wanamwita Hansard, kama kumbukumbu za Bunge.

— Wekeni hii kwa rekodi. Wahenga walisema, mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Jana jioni tulikusifu, Brashi. Tulikusifu hadi mimi nikasimama. Leo ndege imetiwa maji. Methali imetimia.

— Mwalimu, hiyo ni tembo ya kunywa. Inahusiana na ndege wapi?

— Kama tembo mzima anatiwa maji, ndege ni nani?

Ondiek aliwaangalia mmoja mmoja. Jana aliileta hapa kwa sababu chumba chake kinavuja na kabati la Tabby lina kufuli. Wote waliiona. Wote waliishika tumbo kwa macho. Leo wanakunywa kahawa.

— Lakini tufikirie, alisema Hansard, akishusha sauti. — Hiyo ndege ilikuwa inanyunyiza dawa Soy. Dawa ya nini? Nani alijua? Sasa mtu mkubwa asikie kuna ndege iko na ushahidi kwa tumbo, utaona atalala? Hapana. Atatuma mtu na sabuni.

— Mtu mkubwa avunje kibanda cha Tabby aoshe plastiki?

— Historia husafishwa hivyo hivyo, Brashi. Wanaanza na vitu vidogo.

— Ama ni satelaiti, alisema Injinia. — Siku hizi inapiga picha chini, na ile mwangaza yake inababua kitu chochote chafu. Ndiyo maana suti yangu imepauka.

— Suti yako imepauka kwa sababu ni moja!

Kikombe cha Ondiek kilianguka. Hakukiokota.

— Sikizeni nyinyi. Mzee Oyugi anapanda basi saa sita. Saa sita! Anarudi kwao Siaya, harudi tena. Sasa ni saa nne na nusu. Mnaongea satelaiti?

Hapo Injinia akashusha kikombe, kwa maana Mzee Oyugi si mtu wa kufanyiwa mzaha. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa ndege ile. Kampuni ilipokufa, ndege iliuzwa chuma chakavu, naye akaondoka na kalenda moja tu, yenye picha ya ndege hiyo. Picha ya ndege, siyo ya Oyugi. Siku ya kupigwa picha mafundi waliamriwa waioshe, waifute hadi ing'ae, kisha watoke kwenye fremu. Aliwahi kumwambia Ondiek kwenye benchi hilihili: "Kila nikiangalia ile kalenda, naona ndege ambayo mimi sikuwahi kuijua."

Kwa hiyo Ondiek akaamua kumpa ile aliyoijua. Na kwenye kifuniko cha injini, upande wa kushoto, kwa ncha ya sindano, aliweka alama moja nyeusi. Hapo ndipo Mzee alipokuwa akiegemeza mkono wenye grisi kila alfajiri, akisikiliza injini ikiamka. Mkono uleule, mahali palepale, hadi rangi ikakubali kuwa nyeusi.

— Kwani hukuwa umepiga vanishi? aliuliza Injinia, safari hii kwa upole.

— Ningepigaje vanishi na rangi ya mafuta haijakauka? Nilikuwa nipige leo asubuhi.

— Usipoziba ufa...

— Mwalimu, nyamaza!

— Basi paka tena haraka, alisema Injinia. — Chukua grisi ya baiskeli, chovya kidole, maliza.

— Kidole? Ondiek alisimama. — Unajua skeli wewe? Kila kitu hapa kimepunguzwa mara sabini na mbili! Kichwa cha rubani ni kidogo kuliko punje ya mahindi! Ukiweka kidole chako hapo umeweka trela! Na tena imepakwa mafuta, sikia, inateleza. Hakuna rangi itashika hapa. Mtu ameiosha, halafu akaipaka mafuta ya kujipaka! Huyo mtu nikimshika...

— Ah, umeiona!

Tabby alikuwa amerudi. Alitua mtungi, akajifuta mikono kwenye leso, uso umechangamka kama wa mtu anayesubiri shukrani na ameshaandaa namna ya kuikataa.

— Sitaki hata asante. Niliamka saa kumi na moja.

Wanaume watatu walimwangalia. Satelaiti ikashuka. Mtu mkubwa akaenda zake na sabuni yake.

— Ni wewe? alisema Ondiek.

— Nani mwingine hapa huosha kitu? Nilitumia sabuni ya unga, maji vuguvugu. Zile kona nikatumia mswaki. Mswaki mpya, Brashi! Halafu mafuta kidogo, isipauke.

— Tabby, umeniua.

— Nimekuuaje?

— Umeniua! Miezi minne! Nani alikutuma? Nani alikuambia uiguse?

— Wewe! Sasa na Tabby naye akapandisha sauti. — Jana ulikuja hapa macho mekundu kama umelia. Ukaniambia nini? "Tabby, leo nimeichafua mpaka basi. Niwekee, kesho ni ya Mzee." Si ni maneno yako?

— Ndiyo, nilisema nimeichafua!

— Na mtu akisema amechafua, si ameharibu? Hawa wakikusifu nikajua wanakufariji tu. Mimi nikasema, maskini Brashi, miezi minne amepaka vizuri, halafu siku ya mwisho amechafua. Atampea Mzee wa watu kitu kama hicho aende nacho kwao? Waseme huku tulikuwa tunamwekea takataka?

— Nilikuwa najisifu!

— Nani hujisifu na uchafu?

— Ule haukuwa uchafu! Ule ulikuwa kazi!

— Wekeni kwa rekodi, alisema Hansard, — kitenzi ni kimoja na mnyambuliko ni mmoja. Kosa ni la lugha.

— Mwalimu, nitakumwagia hii maji, alisema Tabby.

Ondiek alijua angepaswa kunyamaza hapo. Aliona kabisa mahali pa kunyamaza, akapapita.

— Shida yako, Tabby, hujui kitu kingine. Unajua kuosha tu. Ukiona kitu unaosha. Hata hujiulizi.

Tabby alimtazama. Aliinama, akaokota kikombe kilichoanguka, akakichovya kwenye beseni, akakisugua polepole.

— Ndiyo. Najua kuosha. Miaka saba hapa. Vikombe arobaini kwa siku. Ushawahi kuona kimoja kichafu?

— Hapana.

— Basi hujawahi kuiona kazi yangu, wala mimi.

Hilo lilimzidishia Ondiek hasira badala ya kumpunguzia. Alikuwa anatafuta neno la kurusha wakati Injinia alipomkanyaga mguu.

Mzee Oyugi alikuwa anavuka barabara. Alivaa koti lake la kanisani, mkononi ana begi moja, kwapani ana kalenda iliyoviringishwa na kufungwa kwa uzi.

— Habari zenu, watu wa benchi. Nimesema nisipande basi kama mwizi. Nipite tuagane.

— Karibu, Mzee, walisema wote, wakisogea hata pasipo na pa kusogea.

Ondiek alisukuma kasha kwa kisigino liingie chini ya benchi. Lakini Hansard, ambaye hajawahi kukaa na siri muda wa kikombe kimoja, alikuwa ameshafungua mdomo.

— Mzee, Brashi amekutengenezea kitu.

Haikuwepo njia. Ondiek alilitoa kasha, akalifungua, akaangalia upande wa mabati.

Mzee Oyugi aliitoa ndege kwa mikono miwili. Aliisogeza karibu na jicho la kulia, lile linaloona vizuri zaidi. Aliigeuza tumbo juu, akalikagua. Akaichungulia penye bomba la moshi. Alizungusha gurudumu moja kwa ukucha. Mwisho akaigeuza ubavu wa kushoto, akakaa na kifuniko cha injini muda mrefu kuliko alivyokaa na vingine vyote.

— Ni yenyewe, alisema. — Ni ile ya kalenda.

Kisha akauliza, bila kumlaumu mtu, kama mtu anayeuliza basi limepita au bado:

— Na fundi wake yuko wapi?

Hansard aliinua kikombe kilichokuwa kitupu, akanywa. Injinia aliangalia juu, pengine kwenye altitude. Kidole cha Ondiek kilikuwa tayari kumwonyesha Tabby. Tangu asubuhi kilikuwa kinamtafuta wa kumwonyesha. Lakini aliiona mikono ya mama huyo juu ya beseni, imepasuka kwa sabuni na baridi, na kidole hakikunyanyuka. Alibaki na hasira yake yote mdomoni na hakuwa na wa kumtemea.

Tabby ndiye aliyesogea. Alichukua birika ammiminie Mzee kwenye kikombe kile alichokwisha kukiosha. Likatoa nusu, likakohoa, likatoa machicha.

— Kahawa imeisha, alisema kwa ukali, kana kwamba wao ndio waliolitoboa.

Akalikung'uta, akalipindua, akalibwaga kichwa chini katikati ya benchi, juu ya herufi K. Kitako chake kilikuwa cheusi tititi.

— Hapo sijawahi kuosha. Hapo hakuna mtu huangalia. Mzee, masizi ndiyo hayo. Jiweke mwenyewe.

Mzee Oyugi alimtazama, akamtazama Ondiek, na taratibu akaelewa. Birika lilikuwa bado lina moto, lakini vidole vya fundi haviogopi moto. Alikandamiza dole gumba kwenye masizi, akalipeleka ubavuni mwa ndege, kushoto, akaliegemeza hapo. Alifumba macho. Alikaa hivyo kama mtu anayesikiliza kitu kikiamka.

Alipoondoa dole, yale mafuta ya Tabby yalikuwa yameshika masizi barabara, mstari kwa mstari. Alama ilikuwa kubwa kuliko rubani. Ilikuwa imefunika kifuniko cha injini, ikafunika dirisha, ikapanda hadi kwenye bawa. Miezi minne ya kupunguza kila kitu mara sabini na mbili, na sasa hili.

— Mzee, ske... alianza Ondiek.

Akalimeza.

— Hapo hapo, alisema Mzee Oyugi. — Palikuwa hapo hapo.

Aliirudisha ndege kashani, alama ikiwa juu ili isifutike. Kalenda aliitoa kwapani, akaiacha kwenye benchi bila kuifungua uzi. Akawapa mkono mmoja mmoja, akimwachia kila mmoja weusi kidogo kiganjani, Tabby akiwa wa mwisho. Halafu akavuka barabara na begi lake.

Walimwangalia hadi akakata kona ya duka la mbolea.

Tabby alivisukuma vikombe vitatu vikalia mbele yao, vichafu.

— Kuanzia leo kila mtu ataosha chake, alisema. — Mwalimu, weka hiyo kwa rekodi.