Kuku Ambaye Sikumwiba

Yesu Kristo atukuzwe, ndugu zangu. Niacheni nishuhudie nimeketi, maana miguu yangu na baridi ya Sumbawanga havipatani tena.

Ni habari ya wakati wa Mwingereza. Nilikuwa nimejifungua Sesilia wangu. Wanawake wote walikuwa shambani wakifukia nyasi na kuinua matuta, na kwetu Ufipa mwanamke asiye na matuta hana la kujibu akiitwa mvivu. Shamba langu lilikuwa pori. Mimi nimelala, nimegeukia ukuta. Mtoto akilia, namsikia kama yuko Kirando huko ziwani. Wapita njia wakasema, "Mama Sesilia siku hizi ni mke wa Bwana Shauri, yule Mzungu wa boma, anachotewa maji." Niliona haya hata kutoka nje. Nikamwomba Mungu nilale nisiamke.

Katekista akaniambia, "Mwanangu, moyo mzito umeficha dhambi. Kaungame." Ndugu zangu, niliitafuta dhambi hiyo, sikuipata. Ndogondogo zilikuwepo, lakini nilishaziungama. Basi nikamwambia Padri nimeiba kuku wa Mama Yustina, jirani yangu. Nilidhani nikiwa na dhambi ya kuondolewa, nitapona. Padri akasema, kamrudishe.

Nikamkamata tetea wangu wa pekee, nikampeleka kwa Mama Yustina, mtoto mgongoni.

"Wangu wote wapo, mwenzangu. Huyu wa nani?"

"Wako. Nilimwiba."

"Uliniibia lini, nawe hata mlangoni hutoki?"

Nikalia pale uani mbele ya wakwe zake, kamasi zinanitoka. Haya ile ninayo mpaka leo. Yeye hakucheka. Akasema, "Mama Sesilia, wewe unaumwa." Akambeba mtoto, akanishika mkono mpaka zahanati ya misheni.

Sista akaniuliza kama ninalala, kama ninakula, kama ninataka kufa. Hilo la mwisho hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikasema ndiyo. Akasema, "Huu ni ugonjwa, mama. Si dhambi." Akanipa kitanda na dawa ya usingizi, akakataza nisiachwe peke yangu. Mama Yustina akawa analeta uji wa ulezi, ananisimulia umbea wa kisimani hata nisipojibu. Nilipona polepole sana. Nilipotoka, tulimchinja yule tetea, tukamla pamoja.

Namshukuru Mungu aliyenijibu kwa mdomo wa jirani na kwa dawa chungu. Ndugu yangu uliyegeukia ukuta, usijitungie dhambi. Mtumaini Mungu, useme, "Naumwa." Ukiona haya kwenda zahanati, njoo kwangu. Nitakusindikiza, kwa miguu hii hii.