Sanda Ndogo Zilizokatwa Mapema

Emilienne alizaliwa Wamaza mwaka 1961. Hapana, mutanisamehe: 1962, tarehe 4 mwezi wa tatu. Mwaka 1961 ni wa kaka yake Faradji, huyu anayewasomea.

Alisoma kwa masista mpaka mwaka wa sita. Huko alijifunza kushona, na siku moja alikata kitambaa cha meza ya padri akamshonea mbuzi suruali. Alichapwa, lakini suruali ilimkaa mbuzi vizuri sana.

Mwaka 1983 aliolewa na fundi Michel, wakafungua atelye ya kushonea nguo karibu na soko la Kasongo. Michel alipofariki mwaka 2011, akaiongoza peke yake, yeye na mafundi wanne.

Mwaka 2019 njia ya Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, ilifungwa. Wachimbaji wakaacha kuja kushonesha, vitambaa vikapanda bei, na atelye za jirani zikafukuza watu. Fundi mkubwa, Atumani, akamwambia, "Mama, uniache mimi, niko na shamba."

"Hakuna mutu anatoka hapa," akajibu. "Tutabadilisha kazi."

Alikuwa ameona kwamba watu wanaweza kungoja nguo yoyote, isipokuwa ya kumzika mtu wao. Akanunua amerikani yote nyeupe iliyobaki sokoni, akakata sanda kwa vipimo, mpaka za watoto wachanga, ili wafiwa wasingojeshwe. Nasi tumezoea kukata sanda maiti akiwa tayari amelala ndani; iliyokatwa mapema, wazee wanasema, humwita mwenyewe.

Jirani yake Mama Rachida alimtania, "We Emilienne, weka hiyo metre ya kupimia chini kwanza, ndipo unisalimie!" Wakacheka wote wawili.

Mwezi uliofuata surua iliingia mjini. Kwa siku kumi na tisa sanda ndogo zikaisha. Ya mwisho aliichukua Mama Rachida, ya mjukuu wake.

Atelye ilipona. Emilienne hakukata tena sanda mapema, na kitambaa cheupe kikianikwa uani kwa watu, aligeuza uso.

Sukari ilimshika mwaka 2022. Alifariki nyumbani tarehe 11 mwezi wa pili 2025, mkono wake mkononi mwa mwanawe Sonia. Ameacha watoto wawili, Élysée na Sonia, wajukuu watano, kaka yake, na mafundi wanne walio bado kazini. Udongo umpokee polepole, naye atulie.

Neno moja alimuuliza padri, akamuuliza shehe, akamuuliza Atumani, na mwisho kaka yake.

"Nisingezikata zile ndogo, watoto wangekufa?"