Ukweni kwa Miguu

Treni ilipoondoka Tura, mzee aliyeketi mbele ya Recheli, muuza pikipiki wa Tabora mjini, alikuwa bado analalamika. Recheli alijifanya anatazama nje.

“Zamani kijana akishauza tumbaku, anakuja dukani kwangu moja kwa moja. Siku hizi pikipiki zinashika vumbi, nyie mnanunua mizinga ya nyuki! Na wewe unakwenda kujitambulisha ukweni kwa miguu?”

“Kwa miguu, mzee wangu,” alijibu Shigela, kijana aliyepakata ndoo ya asali. “Nyuki hawapendi harufu ya petroli. Tena babu wa babu yangu alikwenda pwani kwa miguu, pembe za ndovu begani. Aliporudi, alipewa mke.”

“Pembe zenyewe zilikuwa za tajiri!”

“Asali hii ni yangu.”

Recheli akanyoosha mgongo. Hata babu zake walibeba mizigo hadi pwani.

“Na mke akichoka njiani?” mzee aliuliza.

“Nitambeba.”

Treni ikasimama Kigwa, Shigela alipokuwa anashuka. Mzee akainuka, akamtwika Shigela ndoo begani, akaiweka sawa taratibu.

“Wakikunyima mke,” akasema, “duka langu unalijua.”