Taa Mpya Zenye Kiraka

Ndugu zangu wa chama, mwenyekiti kanikaribisha kiti, lakini mimi kukaa siwezi tangu taa zangu zilipoanza kuuzwa na wengine. Nivumilieni nitembeetembee hapa mbele.

Mnanijua: fundi bati wa Kariakoo, mhitimu wa shule ya jioni, Kiingereza changu chaweza kumkimbiza Mzungu mpaka Upanga. Akina mama wakaanga samaki wa Feri walinilalamikia kwamba upepo unazima koroboi zao kabla samaki hajageuzwa. Nikaibunia koroboi kofia ya bati yenye matundu ubavuni. Nawaambia, hata tufani ingepiga hodi kwanza! Mke wangu akaacha maandazi, akawa ananikatia bati.

Kofia nilizikata kutoka mifuniko ya madebe ya mafuta, pale wenye maduka wanapotoboa kwa msumari ili wamimine. Kila tundu nikaliziba kwa kiraka cha lehemu, mfano wa sikio la paka.

Akaja tajiri mmoja. "Fundi, umebuni mwenyewe?"

"Kwa kichwa hiki hiki, bwana!"

Akanunua moja. Nami kwa kupenda sifa nikamweleza kila kitu, hata yale asiyouliza.

Miezi ikapita. Meli ikashusha bandarini taa za kofia kutoka ng'ambo, zinang'aa kama meno ya bibi harusi, rahisi kuliko bati langu tupu. Wateja wakanikimbia. Mke akarudi kwenye maandazi. Mimi ikawa Msimbazi kwenda, Msimbazi kurudi, naingia kila duka kuzikodolea macho. Soli zikaisha, nyayo nazo zikaanza kuisha.

Nikaenda afisi ya serikali inayoandikisha ubunifu. Karani akasema, "Ubunifu wako utalindwa hapa ukishalindwa kwanza Uingereza."

"Bwana, Uingereza kuna upepo wa Feri?"

Akanifungulia mlango nitoke. Na huko zilikotengenezwa nani angenisikiliza? Kila nchi ina kitasa chake, nami sikuwa na ufunguo hata mmoja.

Basi mama mmoja wa Feri, yule pale nyuma anayejifunika kanga, akanunua taa ya ng'ambo. Akaja nayo bandani kwangu amefura.

"Fundi, mjinga ni mimi au wewe? Taa mpya, mbona ina kiraka?"

Nikaitazama. Sikio la paka! Nikakimbia duka hadi duka. Zote, ndugu zangu! Kiwanda kizima kimekaa kunakili kiraka cha tundu la msumari! Nilicheka hadi soko zima likadhani nimerukwa na akili.

Mama hakucheka. "Hicho kiraka ndicho jina lako. Kakiandikishe."

Nikarudi kwa karani. Kumbe chapa haisubiri Uingereza, huandikishwa hapa hapa. Ninyi mkanifuata na taa zenu kuukuu, nyeusi kwa moshi, kila moja na kiraka chake, kushuhudia kwamba nilianza mimi. Chapa Kiraka ikakubaliwa.

Mzigo uliofuata wa yule tajiri ukaingia umebeba chapa yangu, na safari hii sheria ilikuwa upande wangu. Tajiri akaja bandani kwa miguu yake. "Fundi, tuzungumze."

"Karibu, bwana, ila tutazungumza tukitembea."

Akakubali kunipa fungu langu kwa mzigo ule. Kisha akaagiza taa zisizo na kiraka, zikamdodea, maana akina mama hugeuza taa kwanza kutafuta sikio la paka. Siku hizi ananunua kwangu.

Asanteni ninyi mliosimama nami, asante mke wangu, na wewe mama, samaki wako nitanunua hadi niote magamba. Ninachowaomba ni hiki: ukibuni kitu, kitie alama yako na ukaiandikishe kabla hujaanza kujisifu.

Mniwie radhi, narudi bandani. Kuna kitu kipya nimekifunika gunia, na tajiri ameshapita mara mbili akiulizia afya yangu. Msiniulize ni nini. Kiraka tayari ninacho, bado nakitafutia tundu.