Siku Vitufe vya Omosh Vilipopauka

Omosh alikuwa amesimama, simu mkononi, kifua mbele kama jogoo wa Isinya. Alikuwa akimweleza mgeni kwamba kwenye tovuti yake mzigo wa vitunguu ukishauzwa, kitufe chake hugeuka chekundu cha kung'ara. Mgeni akaishika simu, akaitazama, akairudisha. Hakuona chekundu hata kimoja. Vitufe vyote vilikuwa vya kijivu, kijivu cha sufuria iliyokosa kusuguliwa.

— Huu wa juu ni wangu, mgeni alisema. Niliuza juzi. Mbona bado uko sokoni?

Yote haya yalitendeka mbele ya benchi zima. Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya mawe yaliyobaki kwenye ujenzi wa ghorofa, mkabala na kibanda cha kuziba pancha, kando ya barabara ya Namanga hapa Kitengela. Jumamosi asubuhi huwakosi watatu. Omosh, ambaye kwenye kitambulisho ni Omolo, hutengeneza tovuti. Ngigi huuza mashamba, kwa hivyo anaitwa Ploti. Wakhungu anaitwa Askofu, ingawa kazi yake ni ya bima mjini, kwa sababu hawezi kuomba sukari bila kuhubiri. Kahawa ni ya Mukai, na tangawizi yake haina huruma.

Mgeni alikuwa Nalangu, mama aliye mwenyekiti wa wakulima wa vitunguu wa Kimana. Omosh alikuwa amempokea kwa salamu ya Kimaasai, “takwenya” yake bora, akaitikiwa “iko”, na uzuri wa mambo ukaishia hapo. Pikapu ya Nalangu ilikuwa inazibwa pancha ng'ambo ya barabara. Jumatatu wanachama wake wangekutana kuamua kama watabaki na tovuti au watarudi kupigiana simu. Na alfajiri hiyo lori lilikuwa limefika shambani kwake kufuata vitunguu vilivyokwisha kuondoka.

Omosh aliketi. Amefanya kazi Kampala, Kigali na Juba, akitengeneza tovuti zenye majina ya wengine chini. Hii ya Kimana ndiyo ya kwanza yenye jina lake, tena katika kaunti anayolala. Alikuwa amewaonyesha mpaka kinyozi.

— Omosh, umevipaka majivu, Ploti alisema.

— Si mimi. Ni alama. Wamebadilisha alama tena.

Akawaeleza. Kitufe kile ni kama nyumba yenye ukuta wake, kimejengwa hivyo ili rangi za ukurasa zisimwagike ndani ovyo. Ukitaka kukipaka, sharti ukiite kwa alama ambayo kivinjari cha simu kinaitambua. Shida ni kwamba wenye vivinjari hawatulii. Alama ya kwanza aliijua Kampala, ikafutwa kabla hajaizoea. Ya pili aliipata Kigali, ikafa. Ya tatu ilikuwa mishale mitatu mfululizo, akaizika Juba pamoja na laptop iliyoshindwa na jua. Halafu vikaja vistari viwili mbele ya jina la hali ya kitufe, na sasa navyo vimeondolewa, pahali pake pakawekwa neno lenye mabano.

— Nimezika alama nne, alisema, na kila mara niliinuka matangani nikaenda kazini.

Hakujua kama alikuwa analalamika au anajisifu, lakini benchi lilimsikia anajisifu, nalo likajisifu pamoja naye.

Ploti alisema hiyo ni kesi ya njia ya kuingilia. Kuna mtu amenunua huko nyuma, akafunga njia, sasa anauzia watu njia mpya. Ameiona mara nyingi. Akamalizia kwamba wahenga walisema chema chajiuza, na kama vitunguu vimeshajiuza vyenyewe, rangi ni ya nini?

Askofu alikohoa kama mtu aliye mimbarani. Kwa maoni yake, wale watu hungoja mpaka mzee wa miaka arubaini na tano ajue kitu vizuri, ndio wanakibadilisha. Shabaha ni mvi. Mvumilivu hula mbivu, alisema, ndiyo maana wanazichuma mbichi.

— Hamjaelewa, Mukai alisema akimimina. Wamesikia habari ya Kitengela.

Wakamwangalia.

— Fikirieni. Yuko Kampala, wanabadilisha. Kigali, wanabadilisha. Anarudi hapa, wanabadilisha. Wanamfuata nani?

Ploti aliidaka hiyo na kuipanda. Akaona ofisi ng'ambo huko, ramani ukutani, pini moja Kitengela, na taa inayowaka kila Omosh akielewa jambo. Askofu akaongeza kwamba kwenye taa hiyo kuna mtu wa zamu ya usiku. Omosh alipaswa kukanusha. Lakini aliketi wima zaidi, akanywa kahawa yake taratibu, kama mtu anayeangaliwa kutoka mbali.

Nalangu aliuliza kama jana vitufe vilikuwa na rangi.

— Kwa simu zingine, ndiyo. Ndipo usiku nikarekebisha ili nisimuudhi yeyote. Kuna simu zinajua alama ya zamani, kuna zinajua mpya. Sasa nikaziandika zote mbili kwa mstari mmoja, nikatia koma katikati. Kama vile unasalimia wazee wawili kwa mkono mmoja, kila mmoja achukue...

Hapo akakumbuka. Kikombe kilibaki hewani.

Kivinjari hakichagui. Kikikuta kwenye mstari alama moja kisiyoijua, kinautupa mstari wote, pamoja na ile kinayoijua. Adabu yake ya usiku ndiyo iliyonyima kila simu rangi. Tena aliichapisha akaenda kulala bila kuangalia, kwa vile alikuwa ameipenda mno.

Alitoa laptop mkobani, akaiweka magotini, akatenganisha zile alama mbili, kila moja na mstari wake. Ploti alishika simu ya kisasa, Mukai akatoa yake ya zamani. Wakaupakia ukurasa upya. Vitufe vikawa vyekundu kwenye zote mbili.

— Benchi letu hilo, Ploti alisema, kana kwamba yeye ndiye aliyeondoa koma.

Askofu alivua kofia. Omosh alimpa Nalangu simu kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto baada ya ubatizo. Nalangu akautazama mzigo wake, mwekundu sasa, akatikisa kichwa kukubali. Ng'ambo ya barabara fundi wa pancha alikuwa anakaza nati za mwisho.

— Na wakibadilisha tena? Nalangu aliuliza.

Askofu alivaa kofia. Mukai alitikisa chupa ya kahawa, ilikuwa tupu.

— Wakibadilisha, yieyo, Omosh alisema, akimwita mama kwa Kimaasai, mimi niko hapa. Nitaijua na hiyo. Sijawahi kushindwa na alama.

— Hilo naamini. Lakini kabla uijue, lori liko kwangu.

Nalangu alimrudishia simu, akachukua mkoba wake.

— Andika “imeuzwa”. Kusoma tunajua.