Motokari Nilikuwa Nakatala Kuuzisha

Yesu apewe sifa, bandugu yangu! Musiogope, leo sitaimba. Masomo ilinishinda katikati, sauti pia. Lakini kinywa, Mungu alinipatia muzima!

Bandugu yangu, bibi yangu alikufa, batoto bakaenda kutafuta maisha Lubumbashi. Mu nyumba yetu ya Kapata nikabakia mi na motokari. Motokari ya famille, nafasi tano, muntu moya. Kila asubui napangusa vumbi ya mines, ile ya migodi, naangalia mafuta ya moteur, nawasha. Naikala ku volant, nashika usukani, kiti ya bibi iko wazi pembeni. "Mama, twende?" Kimya. Ile moteur ilikuwa inapumua muzuri kunipita!

Batoto bakasema ku telefone: "Papa, uzisha ile kintu, ukule." Nikaandika "À VENDRE", inauzishwa, juu ya karto, nikaiweka mbele mu kioo. Bandugu yangu, nyumba ikajaa bantu! Banafungua capot, banachungulia moteur, banapiga mateke ku pneu ya magurudumu, mi nabapikia chai. Kila pneu naieleza kama mutoto nilizaa. Lakini muntu akisema, "Tata, bei iko sawa, naikamata," najiuliza: Akienda nayo, kesho nani atanipigia hodi? Nasema, "Ngoja kwanza, niombe Mungu." Nani atakatala maombi? Anaenda, harudi. Nabakia nasafisha vikombe, mi peke yangu.

Siku moya akakuya Mama Chantal, muimbaji wa kanisa hii, anauzishaka maharagi ku soko ya Musonoi. Hakufungua capot. Akaikala ku kiti ya bibi yangu bila kulomba! Akasema, "Tata, bei nakubali."

"Ngoja mama, niombe kwanza..."

"Unaomba tangu lini? Bajirani yako banasema bantu bote ulibarudisha na maombi. Mungu alishajibu, Tata. Njo weye unajifanya kiziwi!"

Nilitaka kucheka, nikalia. Mi, mucheshi wa Kapata! Nikaangukia volant, honi ikalia pamoja na mi, bajirani bakatoka kuangalia. Nikamwambia yote: chai, kimya, ile kiti. Hakunihubiria. Kisha tukaomba, sasa maombi ya kweli.

"Amina," akasema. "Inabakia shida moya: mi sijui kuendesha. Utanifundisha."

Bandugu yangu, motokari ikatoka mu parcelle, mu kiwanja yangu. Niliitunza sana, hata tone ya mafuta haikubakia pale chini. Iliniuma. Ningependa ibakie hata alama.

Sitadanganya: mangaribi nyumba ingali kimya. Lakini asubui Mama Chantal anakuya polepole na motokari kunikamata. Leo mi njo naikala ku kiti ya bibi yangu, namufundisha, na nyuma kuko bamama mbili ya korale, baimbaji benzake, bote bachofere kwa mudomo tu! Njo vile nilifika mu kanisa hii. Nilimulomba Mungu kwa uongo, akanijibu kwa kweli. Asante Yesu!

Weye unaikala peke yako mu nyumba, usingoje ukuwe na motokari ya kuuzisha. Ambia Yesu ukweli yote, fungua mulango, acha muntu aingie. Nyuma yetu kungali nafasi moya. Lakini mukisikia honi pa kona, mukimbie kwanza: mama hajazoea kukanyaga frein isimame!