Elfu Nane na Elfu Mbili

Mgeni rasmi, Bi. Syovata, mratibu wa mitihani ya ufundi; mwalimu wetu, Bwana Rai; mwenyekiti wa wazazi, Mzee Abdulaziz; wazazi na wageni wetu nyote, shikamooni.

Kabla hatujasoma, tunaomba ruhusa ya jambo dogo. Mezani pako kuna kompyuta mbili. Ya kushoto ni yetu, namba saba. Ya kulia tumeiazima Ukunda. Mwenzetu Luqman anaziamuru zote mbili zifungue mtihani wa mwaka jana, pamoja na kamera yake ya ulinzi. Haya, Luqman, bonyeza. Nazo zikiwa kazini, sisi tuendelee.

KARIBU

Karibu Msambweni. Tumekungoja tangu Januari. Madafu yapo, na mahamri ya kina mama yangali moto. Tulikuwa tumeandika risala nyingine, ya shukrani tupu. Jana tuliisoma pamoja, tukaona aibu, tukaichana.

TULIKOTOKA

Wazazi wetu walifanya harambee ili tupate kompyuta kumi na tano kuukuu. Muuzaji wa Ukunda alikuwa amezipanga rafu mbili, bei moja. Za rafu ya juu, prosesa yake, yaani ubongo wa kompyuta, iliandikwa 8400. Za rafu ya chini, 2400. Tulikwenda wanafunzi sita, Mzee Abdulaziz akitangulia. Miongoni mwetu alikuwamo Hafsa Mbwana, msichana asiyependa kusema mbele za watu, lakini kompyuta huifungua na kuifunga kama mwengine amenyavyo chungwa.

Hafsa aliomba azijaribu. Alikaa sakafuni dukani saa nzima, akazipa zote mbili kazi moja, kumbukumbu sawa, diski sawa, akawa anaandika dakika kwa kalamu kiganjani. Aliposimama alijua anakwenda kumpinga mtu mzima.

"Mzee, samahani. Tuchukue hizi za elfu mbili."

"Mwanangu, weye umesoma hesabu? Elfu nane na elfu mbili, ipi kubwa?"

"Ile namba si nguvu, Mzee, ni jina tu. Hii ya elfu nane ndiyo ya zamani zaidi, ina viini viwili. Hii ya elfu mbili ina vinne. Ni kama jikoni kwa harusi, wapishi wawili na wapishi wanne. Kuandika barua, zote zatosha. Kazi zikija kwa pamoja, wale wawili watalemewa."

"Basi, basi. Usinitie aibu dukani kwa watu."

Na sisi je? Sisi tulicheka, mgeni rasmi. Tulicheka mpaka muuzaji naye akacheka, na wala hakuwa akijua tofauti yenyewe, angejua asingeziuza bei moja. Tukazibeba za elfu nane. Tangu siku hiyo Hafsa akawa Bi Elfu Mbili. Akipita tu, "Bi Elfu Mbili, habari za mapishi?" Alikuwa akitabasamu, akikunja kiganja, na sisi tukadhani mzaha umemwingia vizuri. Kumbe alikuwa akienda kulia msalani, kama alivyotueleza Fauzia, anayewasomea risala hii, ambaye naye alicheka.

Mzee Abdulaziz tulimwendea usiku wa kuamkia leo kumwomba radhi kwa haya tunayoyasoma. Alituambia, "Someni. Na jina langu msilifiche."

MAFANIKIO

Tumejifunza kuandika barua. Hilo mashine zetu zaliweza, kama alivyosema. Tumekuandikia barua mbili, na majibu yote mawili tunayo.

Kompyuta ya kulia, ambayo ni ya elfu mbili, ukitazama, ina swali la kwanza kwenye kioo. Ilifungua tulipokuwa tukikutajia madafu.

CHANGAMOTO

Mtihani wa Novemba ulikuja na mambo mengi kwa mara moja. Kamera inarekodi uso, kila jibu linafungwa kwa siri kabla ya kutumwa, jedwali la hesabu linajikokotoa, na saa inahesabu. Wapishi wawili, sherehe nzima. Kati yetu kumi na watano, tisa hatukumaliza.

Hafsa alipangiwa namba saba. Maswali arubaini, naye aliyajua yote, tunaapa. Kwenye swali la thelathini na moja kioo kiliganda. Alibonyeza mara moja, akaondoa mkono, maana alijua kubonyeza tena kunaongeza mzigo. Akakaa, mikono mapajani, akiitazama saa ikijimaliza yenyewe, na saa ndiyo kitu pekee kilichokuwa kikitembea. Hakumlaumu mtu. Alipotoka nje alimwambia Fauzia neno moja tu: "Zimelemewa."

Cheti chake kiliandikwa "Hakukamilisha". Hoteli ya Galu iliyokuwa imemwahidi kazi ya mapokezi ilimpa mtu mwengine. Afisi yako ilitujibu kwamba mtihani haukuwa na kosa, kosa ni la mashine, tungoje Novemba nyengine. Ni kweli, kosa ni la mashine, na mashine tulizichagua sisi.

Sisi wengine tutangoja. Hafsa hawezi. Ana wadogo zake wanne na mama asiye na nguvu. Wakala amemkatia tiketi, anakwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, miaka miwili, na pasipoti ataikabidhi akifika. Anaondoka Ijumaa. Leo ni Jumatano. Mgeni rasmi, hapa kijijini tunawajua waliokwenda wakarudi. Tunawajua na waliorudishwa, na makaburi yao tunayapita tukija darasani.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi saba. Feni, paa, viti, na mengineyo. Tumeyafuta yote, limebaki moja.

Galu wametuambia nafasi ya pili ipo hadi mwisho wa mwezi, kwa mwenye cheti. Tunaomba kesho umfungulie Hafsa mtihani, yeye peke yake, kwenye hii kompyuta ya kulia. Mashine moja, saa mbili. Barua ya ruhusa tumeshaichapa, iko mbele yako na kalamu juu yake. Yeye mwenyewe amekaa safu ya mwisho, mwenye mtandio wa kijani. Tulimwambia aje tumuage. Hajui tumeandika haya, na sasa ameinamisha uso. Hafsa, tusamehe. Hatutakuita tena lile jina.

Mgeni rasmi, umetusikiliza muda mrefu, tunashukuru. Sasa tunaomba uitazame namba saba.

Bado inazunguka.

Mola akufikishe kivukoni salama, akuhifadhie watoto wako karibu nawe, na leo aufanye mwepesi mkono wako wa kulia.

Ni sisi, tuliocheka,
Wanafunzi wa Kituo cha Kompyuta Mikokoni, Msambweni.